Maharaji Ndani ya Noah: Safari Yetu ya Kumtafuta wa Kutufungisha Ndoa, Mbulu Hadi Katesh

Ukumbi tuliupata ndani ya wiki moja. MC tulimpata kwa simu tatu. Mpambaji, mpiga picha, mtu wa keki, sare za kamati, vyote vilikwenda kama maji. Kitu kimoja tu kilituchukua zaidi ya mwaka mzima, tena ni kile ambacho bila yeye hakuna harusi bali ni pati: mtu wa kutufungisha ndoa.

Wanaonifahamu kupitia kurasa hizi wanajua kuwa mimi ni Mwiraqw. Mama yangu ni mzaliwa wa Mbulu, kaolewa Hanang, na mpaka leo anaishi Katesh, chini kabisa ya mlima. Mwenzangu ni Mtanzania mwenye asili ya Kigujarati, kazaliwa na kukulia Arusha, Mhindu. Babu yake alikuwa ananunua mbaazi Babati enzi hizo. Kwa hiyo watu wakituuliza tulikutanishwa na nani huwa tunawajibu kwa utani kwamba tulikutanishwa na mbaazi. Zinalimwa kwetu, zinasafirishwa kwenda India, na mwaka 2017, India ilipobana uagizaji wa mbaazi kutoka nje na bei ikaporomoka, nyumba zote mbili zililia kilio kimoja.

Mapenzi hayakuwa na ishu. Swali lilikuwa moja: nani atasimama mbele yetu siku ile?

PADRE KWANZA

Nilianza kwa Padre, kwa sababu Mama asingenielewa kama ningeanzia kwingine. Jimbo Katoliki la Mbulu limekuwapo tangu 1953, na kwa watu wa rika la Mama, Kanisa ndilo lililowasomesha, likawatibu na kuwazika wazazi wao. Ndoa bila Padre ni kitu ambacho hata kukitamka mbele yake kinahitaji ujasiri.

Nilitegemea atanifukuza. Badala yake alinikaribisha chai, akafungua kitabu cha sheria za Kanisa na kunieleza taratibu kama mwalimu. Mkatoliki kuoana na mtu asiyebatizwa ni kizuizi, lakini Askofu anaweza kutoa ruhusa maalumu. Mkatoliki anaahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani yake. Mwenzake halazimishwi kuahidi kitu, ila lazima aambiwe waziwazi kwamba ahadi hiyo imetolewa.

Halafu akagusa jambo ambalo sikulijua, na nina hakika wengi wenu hamlijui. Mimi nilikuwa na mpango wangu wa kijanja: asubuhi kanisani, jioni kwa maharaji, kila upande ufurahi. Padre akatikisa kichwa. Kanisa haliruhusu kupeana ridhaa ya ndoa mara mbili, kwa ibada mbili, iwe kabla au baada. Wala haliruhusu padre na kiongozi wa dini nyingine wasimame pamoja kila mmoja akiuliza ridhaa kwa ibada yake.

"Mtachagua mmoja, mwanangu," akasema. "Lakini kuna mlango mwingine." Mlango huo ni ruhusa ya pili. Pale penye ugumu mkubwa, Askofu anaweza kumruhusu Mkatoliki asifuate utaratibu wa kawaida wa kufunga ndoa mbele ya padre, mradi ndoa ifungwe hadharani kwa namna inayotambulika. Ndoa inafungwa na yule mwingine, na Kanisa linaitambua.

Nilitoka pale nikiwa na fomu mkononi na kichwa kizito. Ile ahadi ya watoto tulizungumza usiku tatu mfululizo na mwenzangu. Sitawadanganya kwamba zilikuwa usiku za mahaba. Usiku wa tatu akasema, "Wewe ahidi unachoamini. Mimi sitakuzuia, na wewe usinizuie kuwafundisha sala za bibi yangu." Tukalala. Nawaambieni, mazungumzo yale yametujenga kuliko ziara zote za fukwe tulizowahi kufanya.

MAHARAJI WA KWANZA

Kwa wasiojua, anayefungisha ndoa ya Kihindu ni kuhani; vitabu vinamwita pandit au purohit, ila kwetu mitaani ni maharaji tu. Mara nyingi anahudumu hekaluni na unampata kupitia ofisi ya jumuiya, siyo kumvizia mtaani kama fundi bomba. Na hawafanani. Wapo wa mapokeo ya kale, wapo wa Arya Samaj wenye ibada fupi, na kila ukoo una maharaji wake waliomzoea. Ndugu zao wa dini nyingine nao wana taratibu zao: Singasinga hufungia ndoa gurudwara mbele ya kitabu chao kitakatifu, Waismailia hufungishwa jamatkhana na Mukhi. Usiseme "Wahindi" ukadhani wote wanaitana mtu mmoja.

Wa kwanza kukutana naye, katika mji ambao sitautaja, alikuwa mzee mpole mwenye elimu. Hakuwa na shida na mimi kutokuwa Mhindu. Shida ilitokea tulipofika kwenye kanyadaan, ile sehemu ambayo wazazi wa binti wanamkabidhi. Akauliza baba yuko wapi. Nikamwambia Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Akauliza, basi kuna baba mdogo na mke wake? Nikasema, Mama yupo, yeye ndiye atakayenikabidhi.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha kwa upole kabisa akanieleza kwamba kwa mapokeo yake mjane hakai mandapani wakati ule. Ni bora wakae mume na mke walio hai wote wawili.

Jamani. Mama yangu aliuza maziwa na vitunguu miaka kumi na minne ili mimi nisome mpaka chuo kikuu. Akae kwenye viti vya wageni huku baba mdogo, ambaye ada yangu hajui hata ilikuwa ya rangi gani, ananikabidhi? Nilimshukuru mzee, nikaaga, nikalilia kwenye gari. Simlaumu, alinieleza imani yake bila kunificha. Lakini nilijua huyu siye.

Na hapo ndipo nilipojifunza: unapotafuta wa kukufungisha ndoa, usianze kwa kuuliza bei. Mweleze kwanza familia yako ilivyo, usifiche kitu, halafu usikilize anajibu nini.

MLIMA UKASHUKA

Wa pili tulimpata Arusha kwa kuelekezwa na shangazi wa mwenzangu. Kijana kidogo, miaka arobaini hivi, Kiswahili chake cha Kaloleni kabisa. Nilipomweleza habari za Mama, akauliza swali moja tu: "Nani kakulea?" Nikasema Mama. "Basi atakukabidhi aliyekulea." Wapo maharaji wengi siku hizi wenye msimamo huo, ni suala la kuuliza.

Tukapanga mwisho wa Januari 2024. Kadi zikaenda kuchapwa.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilishuka. Tope, mawe na magogo vilipita Gendabi, Jorodom, Ganana mpaka Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mama alikuwa misa ya kwanza. Nyumba yake ilisalimika, ya shangazi ilijaa tope mpaka madirishani, na jirani zetu wawili hatukuwaona tena.

Hakuna aliyetuambia tuahirishe harusi. Kamati ilikaa, mwenyekiti akafungua daftari la michango, akaangalia, akalifunga. Zile fedha zilinunua magodoro, sufuria na mabati. Upande wa mwenzangu, mama mkwe alikuja kutoka Arusha na gari la unga na mafuta, akashinda siku nne na Mama wakigawa. Wanawake wawili ambao mpaka siku ile walikuwa wakiitana "mama yake fulani". Walipoachana walikuwa wanaitana dada.

KALENDA YA WAZEE WATATU

Kupanga upya ndiyo ilikuwa hesabu hasa. Mwenzangu alitaka Agosti, kwa sababu Katesh Agosti ni kukavu na ndugu wako likizo. Maharaji akacheka. Kuna kipindi kinachoitwa Chaturmas, miezi minne ya kuanzia Julai hivi mpaka Novemba kutegemea mwezi, ambapo Wahindu wengi hawafungi ndoa. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka tarehe 14 Januari nako wengi huepuka. Padre kwa upande wake akakumbusha Majilio na Kwaresima. Mjomba wangu, yeye hana kalenda ya ukutani, akasema Machi mpaka Mei msinipandishe mtu kwenye utelezi.

Ukitoa hivyo vyote, mwaka mzima unabaki na matundu machache. Maharaji akachukua tarehe zetu za kuzaliwa, akafungua panchang, kitabu chao cha nyota na siku, akapata saa njema: Februari 2025, asubuhi. Na aliposema saa nne na dakika kumi na mbili, alimaanisha dakika kumi na mbili. Kwa Waswahili tuliozoea harusi ya saa nane kuanza saa kumi na moja, kazi ilikuwepo.

Ruhusa mbili za Kanisa zilikuja wiki sita kabla. Mama aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake. Hakusema kitu. Niliogopa ukimya ule kuliko maneno.

MBULU KUMCHUKUA MJOMBA

Siku tatu kabla, mimi na mdogo wangu tulipitia Karatu kwenda Mbulu. Kama hujawahi kufika, nenda na sweta. Nyanda zile ziko juu, asubuhi ukungu unakaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na milima yote imelimwa mpaka kileleni. Ng'ombe, ngano, mahindi, nyumba zimejibanza kwenye miteremko. Ni nchi ya watu wasio na haraka ya kuongea, lakini wakiongea wamekwisha kufikiri.

Tulikuwa tunamfuata mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Yeye ni Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini pia ni mmoja wa wazee wanaojua slufay. Slufay ni dua ya Wairaqw: mzee anatamka baraka kwa maneno ya mpangilio na watu wanaitikia. Inaomba mvua, mifugo, watoto, amani na jirani. Haifungishi ndoa, ila muulize Mwiraqw yeyote wa makamo kama harusi isiyobarikiwa na wazee imekamilika.

Nilimweleza habari ya moto. Kwamba tutazunguka moto, na moto ndio shahidi. Nilitegemea aniulize kama nimerogwa. Akavuta blanketi lake vizuri, akasema, "Zamani wazee wetu waliomba wakitazama jua. Moto ni mtoto wa jua. Sioni ugeni hapo." Kisha akauliza kama kutakuwa na nyama. Nikamwambia kwanza hakuna, mpaka maharaji amalize. Hapo ndipo aliposhtuka.

Tuliteremka kwa Dongobesh mpaka Dareda, pale ukuta wa Bonde la Ufa unapokufungulia nchi yote ya chini. Mlima Hanang unauona umesimama peke yake, mita 3,400 na ushee. Mjomba alivua kofia. Kovu la yale maporomoko linaonekana kama mtu aliyekwaruzwa shavuni.

MAHARAJI NDANI YA NOAH

Upande wa pili maharaji alikuwa njiani kutoka Arusha ndani ya Noah ya kukodi, Makuyuni, Minjingu, Babati, akiwa amepakata sanduku lake la vifaa. Orodha aliyotupa mwezi mmoja kabla ilikuwa kurasa mbili: samli safi, mchele, nazi, manjano, kumkum, sopari, maua, majani ya mwembe, kuni kavu, uzi, kitambaa cheupe. Vingi Babati vipo. Majani ya mwembe ndiyo tuliyoyasahau, na Katesh na baridi yake mwembe siyo mti wa kila ua. Kijana wa bodaboda alikimbia nusu saa, akarudi na tawi zima. Nilimpa soda na heshima zangu.

Mandapa ilikuwa nguzo nne uwanjani kwa Mama, imepambwa kwa mashuka ya Kimasai na maua ya njano. Upepo wa mlima haukutuonea huruma. Maharaji aliuzungushia moto mabati mawili, zawadi ya kamati, yalibaki kwenye yale ya maafa. Sidhani kama kuna mtu alipanga hivyo, lakini shangazi aliyaona na akaanza kulia kabla hata harusi haijaanza.

Saa nne na dakika tano, mwenzangu kakaa, pazia limeshikwa mbele yake asinione. Mimi niko ndani na wanawake. Maharaji akapaza sauti kwa kipaza sauti: "Sasa mama amlete bibi harusi!"

Hapa niwape somo la lugha. Kwa Kigujarati, "mama" ni mjomba, kaka wa mama. Ndiye anayemsindikiza bibi harusi mandapani. Mjomba alikuwa amefundishwa jana yake, akasimama na koti lake jipya. Lakini Mama naye alikuwa amesikia Kiswahili. Akasimama pia. Akanyoosha kitenge, akaja mpaka mlangoni, akanishika mkono wa kushoto kama alivyonishika siku ya kwanza ya shule.

Mjomba akanishika wa kulia. Watu wa Arusha wakatazamana. Maharaji akaangalia saa, akaangalia Mama, akasema kwenye kipaza sauti, "Mama wote wawili, karibuni."

Nilitembea zile hatua thelathini katikati yao. Nusu ya njia Mama alininong'oneza, maneno ya kwanza kuyasema tangu ile barua ya Kanisa ifike: "Nilidhani wananichukulia mtoto. Kumbe wameniita."

Alinikabidhi yeye. Maharaji alimwelekeza kwa Kiswahili kila alipotakiwa kumimina maji, na kila mantra ya Kisanskriti akaifafanua kwa sentensi moja ili wageni waelewe. Tulizunguka moto mara nne, Kigujarati. Tukapiga zile hatua saba, kila moja na nia yake. Padre alikuwa mstari wa pili, kama mgeni, na kabla ya chakula alisimama akasali sala ya mezani na kutuombea. Mjomba akafunga kwa slufay, na mama mkwe ambaye hajui neno moja la Kiiraqw akawa anaitikia kwa sauti kuliko wote.

Halafu tukaenda kwenye meza ya plastiki chini ya turubai, tukasaini na mashahidi wawili. Chakula kilikuwa jiko mbili. La kwanza bila nyama, la pili liliwashwa maharaji alipomaliza, na mjomba alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mbaazi zilipikwa majiko yote mawili, huku dali, kule za nazi. Ziliisha kote.

KAMA NA WEWE UKO NJIA HII

Kabla hujampa mtu yeyote bahasha, iwe maharaji, padre, mchungaji au shehe, muulize haya:

Ana leseni? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya dini, ya serikali na ya kimila, lakini kiongozi wa dini anayefungisha ndoa lazima awe na leseni. Ukiwa na shaka, waulize RITA. Ibada nzuri bila cheti inaweza kukutoa machozi baadaye.

Taarifa mmetoa? Ni siku 21 kabla ya ndoa, siyo wiki ya sendofu. Na mashahidi wasipungue wawili.

Anaipokeaje familia yenu? Mjane, wazazi walioachana, mchumba wa dini nyingine, mtoto mliyekwisha mpata. Mweleze yote siku ya kwanza.

Ibada ni saa ngapi na kwa lugha gani? Ndoa kamili ya Kihindu inaweza kwenda saa mbili au tatu. Mwombe afafanue kwa Kiswahili, wageni wako siyo mapambo.

Nani analeta vifaa, nani analipa usafiri na malazi? Sadaka ya maharaji huitwa dakshina, na kwa desturi huongezewa moja mwishoni: siyo mia tano bali mia tano na moja. Ile moja ni ishara ya mwendelezo, isisahaulike.

Na ninyi wawili, mmeshaongea? Kuhusu watoto, sala, sikukuu, mazishi. Hilo hakuna wa kukodi atakayewafanyia.

Jioni ile, Noah ilipokuwa inaondoka, Mama alimfungia maharaji mfuko wa mbaazi kavu, kilo kama tano, na kumsogezea dirishani. Maharaji akamshukuru, akamwita Mama. Mama akamwuliza, "Ya kwetu au ya kwenu?"

Maharaji akacheka, akasema zote mbili.